Barua kwa mwanangu: hiyo listi yako ya majina

Mwanangu,

Nimeipata ile listi ya majina ya mtoto uliyonitumia, nimeisoma yote mpaka chini, na kusema kweli nimecheka, maana kila jina la kike hapo eti ni malkia au ua na kila la kiume ni shujaa au simba, yani watu wa kale hawakuwahi kuzaa mtoto wa kawaida? Hizo saiti ulikoyatoa zinajua anayesoma ni mzazi mtarajiwa, anataka kitu kitamu, basi wanampa.

Chukua hilo Claudia uliloweka la kwanza. Kwa Kilatini linatoka kwenye claudus, mtu anayechechemea. Cecilia hapo chini yake ni caecus, kipofu. Calvin ni kipara! Warumi walikuwa hawaoni haya kumpa mtu jina kwa kasoro ya mwili wake, akishabebeshwa yeye linarithiwa na wajukuu na vitukuu mpaka linakuwa jina la heshima la ukoo. Na sio Warumi peke yao, Cameron la Waskoti ni pua iliyopinda, na Kennedy la Ireland wengi wanasema asili yake ni mtu mwenye kichwa kibaya, halafu likaja kutoa rais wa Marekani. Sikwambii uyafute hayo majina, Cecilia mimi nalipenda sana, ila usichague jina kwa sababu ya kamstari kamoja ka maana kalikoandikwa pembeni, kwasababu jina likishavaliwa na watu miaka elfu na zaidi hakuna anayesikia tena kile kipofu ndani yake.

Kitu kingine, umeweka Yahya, Ivan na Sean kama majina matatu tofauti. Ni mtu mmoja huyo, mwanangu! Yohana yule yule, kwa Kiebrania Yohanan, yani Mungu ana neema, Waitalia wakasema Giovanni, Wahispania Juan, Wajerumani Hans, Waskoti Ian. Hata kwenye majina ya ukoo yupo, Jones, Hansen, Ivanov, Ibáñez, wote hao ni watoto wa Yohana tu, kila mmoja kwa lugha ya kwao.

Hapo ndo nafika kwenye swali lako la ubini, yani jina la ukoo, eti wetu una siri gani. Mara nyingi hamna siri. Ubini mwingi duniani ni jina la baba wa mtu fulani, au kazi yake, au mahali alipotoka, au utani aliopewa na majirani ukaganda. Mhunzi peke yake amejaza dunia, Smith ni yeye, Schmidt ni yeye, Kovács kule Hungaria, Haddad kwa Waarabu, Herrero kwa Wahispania. Na kuganda kwenyewe mara nyingi sio mapenzi ya ukoo, ni serikali ilitaka kujua nani alipe kodi na nani aende jeshini. Ufilipino mwaka 1849 gavana Mhispania aliyeitwa Clavería aliagiza watu wachaguliwe ubini kutoka kwenye katalogi, vitabu vikagawiwa kurasa kurasa, ndo maana kuna miji kule mpaka leo watu wengi ubini wao unaanza na herufi moja. Japani raia wote walilazimishwa 1875, na mpaka 1870 wengi walikuwa hawaruhusiwi hata kuutumia. Uturuki sheria ilikuja 1934, na Mustafa Kemal akapewa na bunge jina la Atatürk, baba wa Waturuki. Kwahiyo mtu akikwambia ubini wake una miaka elfu muulize kwanza nani aliuandika.

Ila ile hadithi kwamba makarani wa Ellis Island, kile kituo cha kupokea wahamiaji New York, ndo waliwabadilishia wahamiaji majina usiiamini sana, wao walikuwa wanatumia orodha iliyokuja na meli, iliyoandikwa kule watu walikopandia. Wengi walijibadilisha wenyewe baadae wakishatulia.

Na kuhusu ugomvi wenu wa mtoto atumie jina la upande gani, mbona hauna haja. Iceland wengi hawana ubini wa ukoo kabisa, mtoto wa Jón anaitwa Jónsson na dada yake Jónsdóttir, nyumba moja majina tofauti na maisha yanaenda. Wahispania wanaweka yote mawili, la baba na la mama. Mimi nawapigia kura Wahispania, mkeo kabeba mimba miezi yote hiyo halafu jina la kwao lipotee kwenye fomu?

La mwisho hilo Haruka, hapo mtulie kidogo. Wameandika maana moja tu, wakati kwa Kijapani sauti hiyo hiyo inaandikwa kwa kanji tofauti, yani zile herufi zao zenye maana, moja inakuwa mbali, nyingine ua la majira ya kuchipua, nyingine harufu ya majira hayo hayo, na ni mzazi ndo anachagua. Mkilitaka tafuteni anayejua Kijapani awaonyeshe kanji zenyewe kabla hamjaenda kumuandikisha mtoto, sio mnabeba kama lilivyo kwenye saiti.

Msalimie sana mkeo, mwambie apumzike.

Mama yako