Mheshimiwa Gavana wa Lamu, nakshi za Pate zinakiliwe kabla ya masika

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu,

Assalamu alaikum.

Nakuandikia kuomba jambo moja. Serikali ya kaunti iwape vijana wa Pate kazi ya kupima, kupiga picha na kuchora nakshi zilizosalia kwenye kuta za magofu ya mji wetu, na nakala zake ziwekwe papo hapo Pate, mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kufika kwa miguu. Si mradi wa mamilioni. Unataka ngazi, futi ya kupimia, kamera, karatasi nzuri, posho ya watu wachache na idhini ya ofisi yako.

Mimi ni mzaliwa wa Pate na mwanafunzi wa sanaa Nairobi. Fani yangu ni uchapaji: nachonga picha kwenye linoleamu kwa patasi ndogo, napitisha rola ya wino, nalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka picha inahamia. Kazi yangu ya kumalizia masomo nimeitoa kwenye gofu moja lililo ndani ya shamba la tumbaku, nyuma ya mtaa tuliokulia. Sote tulicheza humo. Hakuna aliyetuambia kuwa ule ukuta ni kazi ya fundi.

Nyumba hiyo haina dari wala mlango, na daka lake, yaani kibaraza cha mlangoni, limeshaanguka, lakini mpango wake bado unasomeka: kiwanda, yaani ua wa katikati, kisha kumbi mbili, msana wa tini na msana wa yuu, kisha ndani, chumba cha ndani kabisa. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana uliamuliwa na boriti ya mkoko, ambayo ikizidi mita 3 hivi huanza kulemewa na dari ya mawe na chokaa. Chooni kuna birika, na kwenye kitako chake kuna alama ya duara ambapo palijengewa bakuli la kichina. Bakuli lenyewe liling'olewa kabla sijazaliwa, kama yalivyong'olewa mengine mengi kwenye makaburi na misikiti ya zamani ya pwani yetu.

Hazina ya nyumba hiyo iko kwenye chumba hicho cha ndani. Ukuta mzima umepangwa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, na kila safu imezungushiwa nakshi za plasta: mawaridi, majani, na ukanda uliosukwa kama kamba. Kina mama watu wazima wa mtaani walinieleza kuwa hapo ndipo bi harusi alipokalishwa ili atazamwe, na vyombo vya kichina vikiwa vimepangwa nyuma yake.

Nilipoanza kuchonga ndipo nilipoielewa akili ya fundi yule. Yeye alichonga chokaa ikiwa bado mbichi, akakata kwa mshazari ili kila shimo lishike kivuli. Kwake yeye, kisu kilipopita ndipo palipo peusi. Kwenye linoleamu mambo ni kinyume: ninapochonga wino haufiki, karatasi inabaki nyeupe. Kwa hiyo ili kivuli chake kionekane, alipokata nilipaswa kuacha, na alipoacha nilipaswa kukata. Juu ya hayo picha hugeuka, kulia kukawa kushoto. Huwezi kuifanya kazi hiyo bila kuusoma ukuta kidole kwa kidole. Kwenye safu ya chini, upande wa kulia, waridi la mwisho limebanwa na lina jani moja pungufu. Fundi aliishiwa nafasi, akaamua hapo hapo, akaendelea. Jani hilo limenifundisha juu ya watu waliojenga Pate kuliko kurasa nyingi nilizosoma darasani.

Kuna wanaosema picha za simu zinatosha. Hazitoshi, Mheshimiwa. Saa sita mchana ukuta ule ni mweupe tu na kamera haioni kitu. Nakshi hujitokeza jioni, jua linapopiga kwa upande, na hata hapo picha haikwambii kina cha mkato wala kipimo cha waridi. Vile vile ningeomba mtu yeyote asije akabandika karatasi ukutani na kusugua ili apate nakala ya haraka. Plasta imeshaachana na mawe, na ukiigonga kwa ukucha inalia kama chungu kitupu. Mkono mzito mara moja tu na ukanda mzima uko chini. Njia salama ni futi, penseli, mwanga wa jioni na subira.

Pwani yetu si ngeni kwa chapa. Leso za mwanzo, karne ya 19, zilichapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa kwa mkono, kabla viwanda vya nje havijaichukua kazi ile. Na nakshi unazoziona leo kwenye milango ya Lamu zina udugu na hizi za plasta. Mimi natafuta kazi ya kufanya nyumbani, na wako vijana wenzangu Pate, Siyu na Faza wenye mikono mizuri wasiojua kuwa mikono hiyo ina urithi.

Kuanguka kwa nyumba hizi hakuna siri. Dari ndiyo hutangulia, boriti zikishaoza. Kisha mvua inaingia kutoka juu ya ukuta, inafungua kiini cha mawe na chokaa, na plasta inabanduka vipande vipande. Mizizi inamalizia. Halafu kuna sisi wenyewe: jiwe lililokwisha kuchongwa ni rahisi kuchukua kuliko kwenda kuchimba jingine, na wapo waliolitia tanuuni wapate chokaa. Siwalaumu. Mtu anayejenga jiko la mkewe hawezi kuulizwa habari za karne ya 18 ikiwa hakuna aliyewahi kumweleza.

Hapa nina ombi la dhati kuhusu wenye mashamba. Tumbaku na migomba ya Pate inalimwa katikati ya magofu miaka na miaka, na wakulima hao ndio wanaofyeka magugu na kujua ukuta upi umeinama tangu mwaka jana. Tafadhali, kazi hii isije na ua wa seng'enge na kibao cha kuwafukuza. Wakiondolewa, magofu yatamezwa na vichaka na hatakuwapo wa kutupasha habari. Wahesabiwe kuwa walinzi, na walipwe hivyo.

Na saruji isiguse kuta hizi. Najua mtu akitaka kuonyesha kuwa ametengeneza, saruji ndiyo iliyo karibu. Lakini ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu unaingia na kutoka. Ukiufunika kwa saruji unyevu unafungiwa ndani pamoja na chumvi, na chumvi ndiyo inayoisukuma plasta nje. Mafundi wa chokaa bado wapo Lamu. Wakiitwa Pate kuziba vichwa vya kuta tu, kuzuia maji yasiingie, watakuwa wametupa miaka mingi ya kufanya kazi.

Nimekuandikia wewe kwa sababu Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti shughuli za utamaduni na makumbusho za kaunti. Makumbusho ya Taifa wana wajibu wao chini ya sheria ya mwaka 2006, na bila shaka watahitajika kutoa kibali na ushauri. Lakini kuanzisha, kukutanisha watu na kutenga fungu dogo ni jambo la kaunti. Mji wa Kale wa Lamu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na mji wa magofu wa Gedi, kule Kilifi, ukafuata mwaka 2024. Huko Shanga, kisiwani kwetu, wanaakiolojia walichimba miaka ya 1980 na kukuta misikiti iliyorudi nyuma hadi karne ya 8. Pate iliyotawala visiwa hivi vyote, iliyotoa washairi waliolilia majumba hayo kabla ya babu zetu kuzaliwa, haina hata chumba kimoja chenye mchoro wa ukuta wake. Jambo hilo linaniuma.

Chapa zangu za nyumba ile nitazitoa bure kwa chumba kitakachowekwa nakala hizo, pamoja na vibao nilivyochongea, ili zichapwe upya zikihitajika. Nilizitandaza barazani Pate likizo iliyopita, na wazee walibishana mpaka adhana ya magharibi juu ya nyumba gani nyingine ina ukanda kama ule. Walitaja tatu. Moja nimeiona, imebaki ukuta mmoja. Mbili sijaonyeshwa bado, na wanaozijua ni watu wazima sana.

Masika inaanza Aprili. Ukikubali, kazi inaweza kuanza Januari, miezi ya kiangazi, wakati tumbaku haijawa kikwazo cha kupita na kuta ni kavu. Ofisi yako ikituma mtu aje kuangalia kwanza, naomba apange safari kwa maji kujaa, kwani Mkanda, mkondo wa bahari tunaopitia kutoka Lamu, ukikauka boti haipiti, na ateremke kwenye gati ya Mtangawanda, kisiwani Pate. Nitakuwapo kumpokea na kumpeleka kwa wenye mashamba, ambao nimeshazungumza nao na wameridhia.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa sanaa, mzaliwa wa Pate