Barua kwa mwanangu, bwana harusi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Mamako amenifikishia salamu zako, na swali lako pia: kwani ni lazima joho? Suti umeshaishonesha huko Nairobi, na rafiki zako wanasema ndani ya joho utafanana na sultani wa maigizo. Hawakukosea sana. Joho ni vazi la watawala, na bwana harusi wa Mombasa huazimwa usultani usiku wa nikaha.

Mambo haya ni ya kale pwani hii. Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, mmoja wa watu wake aliandika alivyomwona mfalme: amevaa joho la hariri lililotiwa atlasi ya kijani, kilemba cha thamani kichwani, amekaa juu ya mito kwenye kiti cha shaba, na mwavuli wa atlasi nyekundu umemfunika. Kando yake mzee amemshikia upanga mfupi wenye ala ya fedha. Na siwa mbili za pembe za ndovu, zimechongwa, ndefu kama mtu, zinapulizwa kwa tundu la ubavuni! Hapa Mvita, yaani Mombasa yetu, wageni hao hawakupata maonyesho kama hayo. Sisi tuliwapokea vingine, wala sioni haya.

Baadaye Sayyid Said, sultani wa Omani, alipohamia Unguja kutoka Maskati, mtindo ukawa wa Kiomani: joho jeusi lenye zari shingoni, kilemba, jambia kiunoni. Liwali wake, aliyetawala Mombasa kwa niaba yake, naye alivaa hivyo, hata asiyejua kusoma akamjua kwa kumwona tu. Ya ndani kwa wanawake ameyaeleza bintiye mwenyewe, Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886: suruali na kanzu za hariri, barakoa usoni, dhahabu, manukato yasiyo kifani. Mamako akisoma habari hizo husema kumbe udi wetu si kitu.

Lakini nguo ya kifalme huwa na thamani kwa sababu wengine wamekatazwa. Ufaransa, mfalme Louis XIV alitoa hati maalumu za kuvaa koti la buluu lenye bitana nyekundu, kwa watu wapatao 50 tu. Asiye na hati, hata awe na pesa vipi, halivai. Kwetu hapakuhitajiwa hati. Mtumwa alijulikana kwa miguu mitupu na kichwa kitupu. Kofia na viatu havikuwa vyake. Mwanamume alijifunga merikani, pamba isiyotiwa rangi, mwanamke kaniki, kitambaa cheusi.

Sasa nisikilize vizuri. Upande wa nyanya yako wapo waliozaliwa utumwani, nawe wajua, ingawa kwenye harusi watu hupenda kutaja mababu wa Arabuni peke yao. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, huku kwetu mwaka 1907. Walioachwa huru hawakungoja kuambiwa wavae nini. Wanaume wakashona kanzu wakavaa kofia, wanawake wakaacha kaniki wakajitanda leso za rangi, kisha buibui. Mabwana wa zamani walinuna, lakini wangefanya nini? Na joho likashuka kutoka barazani kwa liwali hadi kwa kijana yeyote anayeoa, awe mtoto wa mvuvi au wa tajiri.

Ndiyo maana simwelewi anayeliita vazi la majivuno. Wewe una haki nalo kuliko hata wajukuu wa masultani, na nyanya yako angekuwa hai angelipiga pasi kwa mkono wake.

Suti yako ivae kwenye karamu ya siku ya pili, sina neno nayo. Joho nimeshaliazima kwa ami yako. Linakufika miguuni, nimelipima kwa ndugu yako mnayelingana kimo. Jambia ninalo. Kilichobaki ni kofia. Nitumie kipimo cha kichwa kwa sentimita, wala usiniandikie "cha kawaida", maana kilemba hufungwa juu yake, na kofia ikipwaya kitakushukia machoni mbele ya kadhi. Fundi wa Kibokoni anataka jibu kabla ya Ijumaa.

Babako