Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Mzazi Aingie Skuli

Assalaam aleikum ndugu zangu wanachama wa hapa Kisauni, Mombasa, na wenzetu Wakristo nyote hamjambo, wazee wetu, kina mama, vijana, na walimu mliokubali kuacha mapumziko yenu mkaja kukaa na sisi leo. Mahesabu ya pesa atawasomea mweka hazina mwenyewe shilingi kwa shilingi na karatasi zake zimebandikwa pale ukutani tangu wiki jana, kwa hivo mimi siingii huko sana. Mimi nataka tuongee kuhusu watoto na kuhusu sisi wazazi, manake mwaka huu nimeona kwa macho yangu jambo ambalo siku zote tulikua twalisema mdomoni tu, kwamba mzazi akiingia skuli akakaa, akauliza, akashika kitabu na mtoto, mambo hubadilika, na mzazi akituma mchango akabaki nyumbani mambo hukaa vile vile hata mchango uwe mkubwa vipi.

Naanza na kusoma kwa sababu ndo kazi iliyotuchukua mwaka mzima. Mnakumbuka zile ripoti za Uwezo, wale wa kupima kusoma na hesabu, walianza 2009 kupita nyumba kwa nyumba hapa Kenya, Tanzania na Uganda wakiwapima watoto, wakakuta wengi wa darasa la tatu hawawezi kazi ya darasa la pili. Wengi wetu tulijiambia hayo ni ya mashamba, sisi tuko mjini, Kisauni hii watoto wanazaliwa na simu mkononi. Basi mwezi wa pili tukaamua tuwapime wetu wenyewe, gredi ya 3 mpaka ya 5, kwa njia ile ile yao: silabi kwanza, kisha maneno, kisha aya, mwisho hadithi fupi. Mtoto mmoja mmoja, pembeni, kwa upole, bila alama wala namba.

Kuna kijana mmoja wa gredi ya 4, jina lake silitaji, alisoma ukurasa mzima wa hadithi bila kukwama, sauti nzuri kabisa, kidole chatembea juu ya mistari kama inavotakiwa. Bi mmoja kati ya wale wa kujitolea akaangalia vizuri akaona kidole kiko mstari wa tatu na mdomo ushafika wa tano. Hakusema kitu, akafungua ukurasa mwengine akaiziba picha kwa kiganja chake, akamwambia haya baba nisomee na hapa. Kijana akanyamaza kimya. Kumbe kitabu chote alikua amekihifadhi kwa kuwaskiza wenzake darasani, na huyu huyu chuoni, yaani madrasa, ustadhi wake amsifu sana kwa kuhifadhi Kurani. Sasa niambieni, mtoto wa akili kama hii atakosa vipi kujua kusoma, ila tu hakuna aliyekaa naye akamfunza silabi moja moja mpaka zikamkaa, na alivokua hodari wa kukariri hakuna aliyegundua. Na hakua peke yake.

Sisemi haya kuwalaumu walimu, na naomba mtu asitoke hapa akasema mwenyekiti amewasema walimu. Vitabu vipo, mradi wa serikali wa kufunza kusoma, Tusome, ulipoanza 2015 ulileta mpaka kitabu kwa kila mtoto wa madarasa ya chini, hilo lazima tuseme. Lakini madarasa yetu mwayajua. Tangu Januari 2023 junia skuli ililetwa ndani ya shule za msingi, ikaingia gredi ya 7, mwaka uliofuata ya 8, mwaka huu ya 9, na vyumba ni vile vile, kwa hivo wadogo ndo waliobanwa, mwalimu mmoja na watoto wamejaa mpaka mlangoni, atamsikiza nani akisoma mmoja mmoja? Hiyo ni kazi ambayo sisi twaweza kuifanya na haitaki cheti cha ualimu, yataka subira na nusu saa.

Tulichofanya ni kuwapanga watoto kwa wanachoweza, tusiangalie gredi. Wa silabi wakae pamoja, wa maneno pamoja, hata kama mmoja ni wa gredi ya 3 na mwengine wa 5. Njia hii si yetu, ilitoka India kwa watu wa Pratham, shirika la elimu la huko, na Uwezo wenyewe walijifunza huko. Mushkili mkubwa ulikua wakati. Skuli ikitoka watoto wetu wengi waenda chuo mpaka magharibi, na hakuna mzazi hapa atakayekubali mtoto aache chuo, wala sisi hatukutaka. Ndipo tukaenda kumuona ustadhi, na huyu bwana Mungu amlipe kheri, alituskiza mpaka mwisho akasema tumieni baraza yangu nusu saa kabla ya darasa, na mikeka nawapa. Wale wasioenda chuo wakapata wakati wao saa ya mapumziko ya mchana chini ya mwarobaini wa skuli, na mabenchi tuliazima kwa kanisa la jirani. Mwezi wa Ramadhani uliangukia mwezi wa tatu, ndani ya muhula wa kwanza, watoto wamefunga na joto lile la Machi, tukahamisha kila kitu Jumamosi asubuhi na hatukupoteza wiki hata moja.

Na msione ni jambo geni hili la chuo na skuli kusaidiana. Hapa hapa Mombasa miaka ya 80 jamii zetu pamoja na Aga Khan Foundation walianzisha chekechea ndani ya madrasa, mtoto asoma dini na asoma ya kumtayarisha kwa darasa la kwanza, akina mama wa mitaani wakafunzwa ualimu, na ule mpango ukaenda mpaka Zanzibar na Uganda. Ulianza kwetu. Kwa hivo ustadhi alipotupa baraza alikua akifuata njia ambayo wazee wetu walishaipita.

Mwezi wa tisa tukawapima tena. Kikundi cha silabi ambacho mwanzo kilijaza baraza yote sasa chatosha mkeka mmoja. Yule kijana wangu hadithi bado yampa taabu, lakini aya asoma, na ukiziba picha asoma. Waliofanya kazi hii ni walimu wastaafu wawili watatu, vijana waliomaliza Form 4 wakakaa nyumbani kungoja majibu na kozi, na kina mama, kina mama kwa kweli ndo uti wa mgongo. Kuna mama muuza mahamri ambaye mwenyewe hakusoma sana, yeye kazi yake ni kukaa na kuskiza, mtoto akisoma amwambia rudia hapo sijafahamu, na mtoto arudia mara ya pili na ya tatu kwa furaha kwa sababu kuna mtu mzima amtaka yeye amweleze.

Kina baba kwenye mikeka mlikua wachache, nasema ukweli, najua wengine mko bandarini shifti, wengine bodaboda na tuktuk mpaka usiku. Lakini siku za madawati mlikuja, na mlikuja na vifaa vyenu. Chumvi ya bahari hii yala chuma haraka, miguu ya madawati ilikua imeoza mpaka ukikaa lakwenda upande, na skuli ilikua imeyarundika nyuma ya choo kama takataka huku watoto wakaa chini. Mafundi welda na maseremala wetu wakayakata, wakayaunga, wakapiga rangi ya kuzuia kutu, mbao tulinunua kwa michango, na yale tuliyoyaona yamekufa yamerudi darasani.

Sasa pesa ya serikali, na hapa nataka mniskize vizuri kwa sababu maneno mengi hupita kwenye grupu ya wosapu na mengi si ya kweli. Elimu ya msingi bila malipo ilianza 2003, na mgao wa mtoto mmoja wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Kwa mwaka mzima. Ukigawanya kwa wiki za masomo ni kama shilingi 40 kwa wiki, na hata hiyo huja kwa vipande, utaratibu wasema asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu, na saa zingine yachelewa mpaka mwalimu mkuu akopa chaki dukani. Kwa hivo tukiambiwa skuli haina pesa mara nyingi ni kweli haina. Lakini sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yasema wazi, skuli ya umma haitozi karo, malipo mengine yoyote lazima yawe na idhini kutoka juu, mtoto hafukuzwi kwa sababu hakulipa, na hakuna mtu kukusanya pesa bila kutoa risiti rasmi. Muhula wa pili zilipoanza kuitishwa pesa za kuchapisha mitihani na watoto wakarudishwa nyumbani, tulikwenda tukakaa na uongozi wa skuli, bila kelele, na sheria mkononi. Watoto wakarudi siku ile ile, na kuanzia hapo kila pesa inayoingia imekua ikiandikwa kwenye ubao wa matangazo, imekuja ngapi na imetumika wapi. Nawashukuru walimu kwa hilo kwa dhati, haikua rahisi kwao.

Sheria hiyo hiyo ndo iliyotupa viti. Bodi ya skuli ina watu sita wa kuwakilisha wazazi ama jamii, na chama cha wazazi ni kila mzazi mwenye mtoto pale, hakuna kujiandikisha wala kuomba ruhusa ya mtu. Viti hivi kwa miaka vimekaliwa na watu ambao wengine wetu hata sura zao hatuzijui. Na jengine, msimlaumu mwakilishi wa wadi kwa darasa la gredi ya 2 kukosa dirisha. Katiba imeipa kaunti chekechea, yaani PP1 na PP2, shule ya msingi iko chini ya serikali kuu, kwa hivo barua ya dirisha twaipeleka ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ama NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na ya chekechea ndo yaenda kaunti. Tumepoteza miezi mingi zamani tukibisha mlango usiokua wake.

Vyeti vya kuzaliwa. Mtoto asiyekua na cheti tumekua na taabu ya kumuingiza kwenye mfumo wa wizara, na asiyeingia pesa yake haiji, kwa hivo yuwasomeshwa kwa mgao wa mwenzake. Mwaka huu serikali ilivofanya uhakiki wa idadi ya wanafunzi ndo tukaona ukubwa wa jambo lenyewe kwetu. Wazee wa nyumba kumi walipita mlango kwa mlango wakaandika majina, chifu akakaa na sisi akaandika barua, na wakunga wetu wa mtaani wakaja kutoa ushahidi wa watoto waliozaliwa nyumbani. Ofisi moja ilituzungusha njoo kesho njoo Jumatatu mpaka kina mama wengine wakakata tamaa, hao ndo tutaanza nao mwaka ujao na hawataenda peke yao.

Maji bado. Tangi lipo, gata zimewekwa, mvua ya masika ililijaza, lakini mji huu wategemea maji ya mbali, Mzima, Baricho, Marere, na mfereji ukikauka wiki nzima tangi laisha na kisima ni cha chumvi. Vyoo bila maji wasichana wakubwa hukaa nyumbani. Sodo, yaani pedi za hedhi, za serikali ni haki yao kwa sheria ya 2017, zikifika zagawanywa, lakini sodo bila maji na bila mlango wa choo unaofungika haimsaidii mtoto. Milango imetiwa. Maji nataka tuyajadili leo leo, baada ya mahesabu.

Na muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya. Gavana alipiga marufuku Mei 2024 na mahakama ikasimamisha, hayo tuwaachie wenyewe. Sisi vibanda vilivyokua karibu na geti la skuli tuliwaendea wenyewe, ni majirani zetu na wengine ni wazazi wa pale pale, tukaongea nao kama watu wa mtaa mmoja. Wawili wamehama, mmoja bado, na huyo tutarudi kwake, na tutaendelea kumrudia. Vijana wetu waliotumiwa na magenge ya mapanga walianzia hapo, kwa kukaa vibandani saa ambayo wangekua darasani.

Mwaka ujao nataka mambo mawili tu yaongezeke. Kusoma kuendelee na kuongezwe hesabu, na chakula cha mchana kianze hata kama ni pure ya mahindi na maharagwe siku tatu kwa wiki, mapendekezo ya gharama anayo katibu. Kikao cha kwanza ni Jumamosi ya kwanza baada ya skuli kufunguliwa Januari, pale pale barazani kwa ustadhi, na siku hiyo twachagua wawakilishi wa kila gredi, kwa hivo mwenye mtoto gredi ya 1 mpya aje hata kama hamjui mtu. Anayetaka kujitolea kwa kusoma ampe katibu jina na siku anazoweza kabla hajatoka leo, na kina baba, daftari la Jumamosi liko tupu bado, twangoja majina yenu.