Marejesho makubwa ya kodi si kipimo cha mtayarishaji mwema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu ndugu zetu wanaoishi Marekani, hasa sehemu iliyosema kwamba Februari na Machi ni msimu wa neema kwao kwa sababu serikali huwagawia marejesho ya kodi. Kazi yangu ni kutayarisha ritani za kodi hapa Houston, Texas, na wateja wangu wengi huzungumza nami Kiswahili: madereva wa malori, wauguzi, wafanyakazi wa maghala, na familia za Wakongomani zilizofika huku kupitia kambi za Nyarugusu na Kakuma. Simwonei mtu kijicho kwa kupokea fedha anayostahili. Ninachokipinga ni imani, ambayo makala yenu imeitia nguvu, kwamba mtayarishaji anayekuletea marejesho makubwa ndiye hodari, kwa sababu imani hiyo imewaingiza watu wetu katika madeni, na familia nyingine imezipokonya nyumba.

Wasomaji walioko nyumbani waelezwe kwanza fedha hii inatoka wapi. Mfanyakazi anapoajiriwa hujaza fomu W-4, na kwa kufuata fomu hiyo mwajiri hukata kodi katika kila mshahara na kuipeleka idara ya mapato ya serikali kuu, ambayo wote tumezoea kuiita IRS. Kufikia 31 Januari mwajiri humpa mfanyakazi W-2 inayoonyesha alicholipwa na kilichokatwa, na kufikia 15 Aprili mfanyakazi huwasilisha ritani inayolinganisha kodi aliyodaiwa na kodi iliyokatwa. Kilichozidi hurudishwa, tena bila riba, maana kilikuwa jasho lake tangu mwanzo. Ni kweli kwamba familia za kipato kidogo zenye watoto hupata pia nafuu ambazo zinaweza kuzidi kodi yenyewe, na hizo ni haki yao kisheria. Lakini hata mwenye haki hiyo hawezi kuipokea mapema Februari, kwa kuwa sheria ya mwaka 2015 inaizuia IRS kutoa marejesho yenye nafuu hizo kabla ya katikati ya mwezi huo.

Kwa hiyo jambo huamuliwa kwenye W-4, siku ile mtu anapokabidhiwa rundo la karatasi za ajira na kuambiwa atie saini. Chukua mfano wa mume na mke wenye watoto watatu wadogo, kila mmoja akilipwa dola 60,000 kwa mwaka. Kila mmoja anaandika kwamba ana ndoa, anawadai watoto wote watatu, na hakuna anayeweka alama kwenye kisanduku kinachosema kwamba nyumba hiyo ina kazi mbili. Kila mwajiri hukata kodi kana kwamba mshahara anaoulipa yeye ndio pekee unaoingia katika familia hiyo, na baada ya kuondoa nafuu ya watoto, ambayo kwenye fomu ya mwaka 2025 ilikuwa dola 2,000 kwa kila mtoto, hakibaki cha kukata. Mwaka mzima unapita bila senti moja ya kodi ya mapato kukatwa, na ritani yao ya 2025 inapokamilika wanadaiwa takriban dola 3,500, mbali na adhabu inayoweza kutozwa kwa kutolipa kadiri mwaka ulivyokuwa ukienda. Wao hushangaa kwa dhati, kwa sababu kila hati ya mshahara ilionyesha makato. Hawakujua kwamba yale yalikuwa makato ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee), ambayo hukatwa kando na hayahusiki na deni hilo.

Wapo pia walioshauriwa na wenzao kazini kuandika kwamba wamesamehewa makato kabisa, ili mshahara uonekane mnono, ingawa msamaha huo ni wa mtu ambaye hakudaiwa kodi ya mapato mwaka uliopita na hatarajii kudaiwa mwaka huu. Na wapo madereva na watunza wazee wanaolipwa kama wakandarasi kwa fomu 1099, ambao hawakatwi chochote na wanatakiwa kulipa wenyewe mara nne kwa mwaka, pamoja na kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 ambayo mtu hujiona ameonewa anapoisikia kwa mara ya kwanza mezani kwangu.

Mteja wa namna hii akiambiwa ukweli na mtayarishaji mmoja, huondoka akaenda kwa mwingine, na hapo ndipo ile imani ninayoipinga huanza kuuma. Mwingine humwambia kwamba deni linaweza kugeuka marejesho. Humwandikia hasara ya biashara asiyokuwa nayo, au humwongezea wategemezi. Hili la wategemezi linatugusa sisi kuliko jamii nyingine nyingi, kwa sababu karibu kila mmoja wetu hutuma fedha kwa mama yake aliyeko Moshi, Kisumu au Bukavu, na huona ni haki mama huyo ahesabiwe. Sheria haisemi hivyo. Mtegemezi lazima awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Mzazi anayeishi Afrika bila uraia huo hahesabiki, hata kama chakula chake chote kinatoka mfukoni mwako. Mtayarishaji anayemwandika analijua hilo. Huchukua ada yake moja kwa moja kutoka kwenye marejesho, hatii saini kwenye ritani, na IRS inapoandika barua baada ya mwaka au zaidi, namba yake ya simu haipatikani tena. Anayebaki kulipa kodi, riba na adhabu ni mteja, kwa sababu ritani ni yake. Akionekana alidai nafuu za kipato cha kazi kwa uzembe wa kupuuza kanuni anaweza kuzuiwa kuzidai kwa miaka 2, na ikithibitika ni udanganyifu, miaka 10.

Nyumba inaingiaje hapa? Inaingia kwa sababu familia nyingi zilizonunua nyumba kwa mkopo hupanga bajeti zikiyategemea marejesho. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, lakini kodi ya majengo ni kubwa, na mwenye mkopo huilipa pamoja na bima kupitia benki kila mwezi. Kodi hiyo ikipanda, malipo ya mwezi hupanda bila mtu kuongeza hata chumba kimoja. (Wengi hawajawahi hata kuomba nafuu ya nyumba unayoishi mwenyewe, ambayo maombi yake ni bure na ambayo katika sehemu ya kodi ya majengo inayokwenda shule iliondoa hesabuni dola 100,000 za thamani ya nyumba mwaka 2023, kisha dola 140,000 kwa kura ya Novemba 2025.) Basi familia inaanza kushindwa mwezi wa kumi, na watu hujipa moyo: tutalipa marejesho yakija.

Hesabu ya siku haiwangojei. Kanuni za serikali kuu humzuia anayesimamia mkopo kuanza hatua rasmi za kuinadi nyumba mpaka malipo yachelewe zaidi ya siku 120. Aliyekosa malipo ya 1 Oktoba, siku hizo humwishia mwisho wa Januari, kabla marejesho yenye nafuu za watoto hayajaruhusiwa kutoka. Na hapa Texas benki kwa kawaida haihitaji kwenda kwa hakimu. Mwenye nyumba hupewa siku 20 za kulipa malimbikizo, kisha tangazo la mnada la siku 21, na minada hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi katika jengo la mahakama ya kaunti au mahali kaunti ilipopapanga. Nyumba hiyo inaweza kunadiwa Machi au Aprili. Ikiwa ritani ilijazwa mambo ya uongo ili marejesho yawe makubwa, hiyo ndiyo ritani inayozuiwa ichunguzwe. Hata ritani safi inaweza kukwama IRS ikitaka mtu athibitishe utambulisho wake, na baada ya kuthibitisha, marejesho yanaweza kuchukua hadi wiki 9. Marejesho yaliyokusudiwa kuokoa nyumba hufika nyumba ikiwa na mwenyewe mwingine.

Nimewaona watu katika hali hiyo na nasema kwa uchungu kwamba wengi wangeweza kusaidiwa mapema. Ombi kamili la nafuu ya mkopo likifika kwa msimamizi zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, kanuni zile zile humlazimu alishughulikie kabla ya kunadi. Ombi hilo kwa kawaida hudai ritani za kodi, kwa hiyo mtu ambaye hajawasilisha ritani za miaka miwili kwa kuogopa deni la IRS amejifungia mlango wa kuiokoa nyumba. Deni la IRS lenyewe linaweza kulipwa kwa awamu. Kinachoadhibiwa vikali zaidi ni kutowasilisha. Nasi watayarishaji si mawakili wala hatupaswi kujifanya mawakili: wapo washauri wa makazi walioidhinishwa na wizara ya nyumba ya Marekani, HUD, ambao husaidia katika suala la mnada bila malipo, na mteja wangu akija na barua ya benki, mimi humwelekeza kwao siku hiyo hiyo.

Baada ya mnada linabaki jambo ambalo halizungumzwi kabisa katika jamii yetu. Tuseme familia ilidaiwa dola 240,000, nyumba ikawa na thamani ya dola 210,000, na benki ikaamua kusamehe dola 30,000 zilizobaki. Sheria ya Marekani huhesabu deni lililosamehewa kuwa kipato. Benki hutuma fomu 1099-A au 1099-C kwa mdaiwa na nakala kwa IRS, na mara nyingi nakala ya mdaiwa huenda kwenye anwani ya nyumba aliyokwisha kufukuzwa. Yeye hana habari, ritani yake haina hizo dola 30,000, na baadaye IRS humletea hesabu ya kodi juu ya fedha ambayo hakuwahi kuishika mkononi.

Kuna kinga, lakini lazima idaiwe. Sheria ya mwaka 2007, iliyotungwa wakati nyumba zikianza kunadiwa kwa wingi nchini kote, ilisamehe kodi ya deni la nyumba ya kuishi, ikaongezewa muda mara kadhaa, na nyongeza ya Desemba 2020 iliifikisha mwisho wa mwaka 2025. Kinga nyingine, isiyo na tarehe ya mwisho, ni ya mtu ambaye madeni yake yalizidi mali zake mara tu kabla ya kusamehewa. Katika mfano wetu, ikiwa familia ilikuwa pia na deni la gari la dola 25,000 na kadi za mkopo za dola 10,000, madeni yake yote yalikuwa dola 275,000. Ikiwa mali zake zilikuwa ile nyumba, gari la thamani ya dola 14,000 na akiba ya dola 6,000, jumla ni dola 230,000. Pengo ni dola 45,000, kubwa kuliko deni lililosamehewa, kwa hiyo dola 30,000 zote haziingii katika kipato. Hudaiwa kwa fomu 982, ambayo mtayarishaji wa kuahidi marejesho makubwa huenda hajawahi kuigusa, kwa sababu haiongezi marejesho yanayoonekana. Humwondolea tu mtu aliyekwisha kupoteza nyumba kodi ambayo hakustahili kuilipa.

Ndiyo maana naomba gazeti lako liwaulize watayarishaji maswali mengine. Je, anayo namba ya PTIN ya mwaka huu, yaani namba ambayo IRS humpa mtayarishaji anayelipwa, na ataiandika kwenye ritani pamoja na saini yake? Ajue msomaji kwamba serikali kuu haimtahini mtayarishaji. Mahakama ya rufaa iliamua mwaka 2014 kwamba IRS haina mamlaka ya kuwalazimisha wote mtihani, kwa hiyo saini ile ndiyo inayomfunga. Je, marejesho yanaingia kwenye akaunti ya mteja mwenyewe? Je, baada ya kumaliza ritani aliitazama W-4 ya mume na ya mke na kuwaambia wabadilishe nini? Swali hilo la mwisho halimletei mtayarishaji ada ya ziada, na mimi huona ndilo linalomtambulisha.

Kwa ndugu walioko nyumbani, nawaomba mjue kwamba simu ya Februari inayouliza "kodi imeingia?" humkuta mtu ambaye pengine ameshachelewa malipo ya nyumba miezi minne na anaona aibu kusema.

Makala kuhusu W-4 ingefaa zaidi kutoka Desemba, kabla mwaka mpya haujaanza kukatwa. Niko tayari kuandika sehemu ya kodi bila malipo, nanyi mumtafute wakili wa masuala ya nyumba aandike sehemu ya mnada, kwa kuwa sheria za mnada hutofautiana kati ya jimbo na jimbo na hizi nilizozieleza ni za Texas.

Wako katika ujenzi wa jamii,

Mtayarishaji wa ritani za kodi,
Houston, Texas