Barua ya bwana yako, ya nini?

Bwana Mhariri,

Shangazi yangu anauza makayabu, samaki wa chumvi, soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Juzi nilimsindikiza kwa wakili mmoja katikati ya mji, ghorofa ya tatu, ili amdai mteja aliyebeba katoni nne kwa deni kisha akazima simu. Shangazi akatoa daftari lake, kurasa zimekakamaa kwa chumvi. Karani alilisogeza kwa ncha ya kalamu, akauliza: “Mama, bwana yako anajua? Leta barua yake, yenye sahihi.”

Bwana mwenyewe yuko Kolwezi mwaka wa sita huu, na habari zake tunazisikia kwa watu.

Mimi fundi wa cherehani tu, lakini hili nalijua, maana lilimtesa mama yangu. Sheria ya familia ya Kongo ya 1987 ndiyo iliyomzuia mke kufungua kesi ya madai, kununua au kuuza bila ruhusa ya mumewe. Sheria ya 15 Julai 2016 ikaiondoa ruhusa hiyo. Siku hizi mume na mke wanatakiwa wakubaliane kwa mikataba inayowafunga, na hilo linambana mume sawasawa na mke. Wakishindwana, aliyeumia anakwenda mahakama ya amani, ile tunayoiita Tripaix. Kumdai mwizi wa makayabu hakumo humo.

Karani nitamsamehe. Lakini Metre, yaani wakili mwenyewe, alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, akanyamaza. Huyo anajua kifungu cha 12 cha Katiba, kwamba sote tuko sawa mbele ya sheria, na cha 14 kinachoamuru ubaguzi dhidi ya wanawake ufutwe. Bila shaka mbele ya majaji anavitaja kwa Kifaransa kitamu.

Uingereza, sheria yao ya usawa ya 2010 inamgusa hata wakili akiwa ofisini: hamnyimi mteja huduma kwa kuwa ni mwanamke, na mteja mlemavu anarahisishiwa njia bila kulipishwa gharama yake. (Zile ngazi za ghorofa ya tatu, shangazi alizipanda akishika goti.)

Naomba viongozi wa mawakili wa hapa waandike karatasi moja, kwa Kiswahili, ibandikwe kila ofisi: mke haombwi barua ya mume ili afungue kesi. Waanze na meza za makarani. Shangazi yuko tayari kurudi na daftari lake wiki ijayo.

Fundi wa cherehani,
Katuba, Lubumbashi