Sentensi za Kiingereza zinazobeba pendekezo lako la kazi

Wengi wanaokuja ofisini kwetu hapa Mombasa kuandikiwa pendekezo la kazi (proposal) hutuomba tuwawekee Kiingereza kizito. Huyu ni fundi samani wa Bombolulu anayetaka kuitengenezea hoteli samani, yule ni wa kikundi cha kina mama wa Majengo kinachoomba zabuni ya upishi. Sisi huwaambia ukweli: msomaji ana makaratasi mengi mezani, naye anataka kujua utafanya nini, lini, na kwa bei gani.

Kwa hiyo mwanzo uwe mfupi. "We are pleased to submit this proposal in response to your request dated 3 March" inatosha. "I hope this letter finds you well" waachie jamaa na marafiki. Na "we humbly beg" iondoe kabisa, kwa sababu unauza kazi, huombi sadaka. Kazi yenyewe itaje wazi: "We will supply and install 40 beds."

Penye uzito ni kwenye pesa, na hapo ndipo watu huumia. Ukiandika bei bila kusema habari ya kodi, mteja anaweza kushikilia kuwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) imo ndani, na kodi hiyo itoke kwenye faida yako. Andika "All prices are exclusive of 16% VAT", au "inclusive" ikiwa imo. Kama vitanda vinavuka feri ya Likoni kwenda Diani na usafiri hukuuhesabu, sema "This price excludes transport." Mbao nazo hupanda bei, basi jikinge: "This offer remains valid for 60 days." Ila kwa zabuni ya serikali, nakili siku zile zile zilizotajwa kwenye hati yao. Ukizipunguza, unaweza kuondolewa hata kabla bei yako haijalinganishwa na za wengine.

Muda wa kazi usiufunge kwenye tarehe. "Within 21 days of receiving your LPO" inakulinda LPO, yaani hati ya mteja ya kuagiza kazi, ikichelewa. Kina mama wa upishi, ambao hununua mchele na nyama kwa pesa zao, kwa mteja binafsi tunawasisitizia hii: "50% deposit upon confirmation, balance within 14 days of delivery."

Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vimetengewa asilimia 30 ya zabuni za serikali kupitia AGPO, mpango wa serikali wa kuwapa makundi hayo nafasi ya zabuni, kwa hiyo cheti msikisahau: "Our AGPO and tax compliance certificates are attached."

Mwisho, ukianza na "Dear Sir or Madam" funga kwa "Yours faithfully". Ukimtaja mtu kwa jina, "Yours sincerely".

Ukija kwetu, njoo na tangazo la zabuni au barua ya mteja, bei zako zote, na picha za kazi ulizofanya. Kuandika ni kazi yetu, lakini bei ya kazi yako utaipanga mwenyewe.