Saa ya kuandika iombwe, isiibwe: barua kwa wanangu waandishi

Wanangu,

Assalaam alaykum, na kwa ninyi Wakristo, Bwana Yesu asifiwe. Nawaandikia ninyi mnaotunga simulizi na kuzituma sehemu kwa sehemu kwenye magrupu ya WhatsApp, na ninyi mliojifungia na miswada ya riwaya mkiiwania Tuzo ya Mwalimu Nyerere. Mnanijia na maswali ya ufundi: nianzeje, nimalizeje, mhusika wangu mbona hasimami. Hatufiki mbali kabla mazungumzo hayajahamia nyumbani. Mke kanuna. Mume akiona daftari anageuza uso. Mama analalamika kwamba mwanawe kapunguza kuswali tangu aingie kwenye mambo ya hadithi. Nimekuwa nikimjibu kila mmoja peke yake. Leo nawajibu wote.

Saa ya kuandika iombeni kwa watu mnaoishi nao. Waambieni wazi mnataka muda gani na wa nini, na mkishapewa msivuke mpaka. Mwandishi asiyeomba huiba, na akiiba huiba pale pasipo na mlinzi: kwa mtoto, kwa mzazi mgonjwa, kwa swala.

Ramadhani iliyopita nilialikwa futari na kijana mmoja kati yenu. Nimemwomba ruhusa nilieleze hili na amekubali. Uji umeshamiminwa, muhogo wa nazi upo mkekani, adhana imelia, na mwanawe mdogo ameshika tende anamngoja baba aanze. Baba yuko kwenye simu. Wasomaji wamemtumia elfu mbili mbili, kawaahidi mwendelezo magharibi, na grupu zima linapiga kelele, "Tupe mwendelezo!" Mtoto aliitazama ile tende, akamtazama baba yake, mwishowe akaitia kinywani bila dua. Hakuna aliyemsemesha.

Kijana yule ni mwandishi hodari na mvulana mwema, na hizo elfu mbili ndizo zilizonunua muhogo. Anastahili kila senti. Lakini aliwauzia wasomaji saa isiyokuwa yake. Ninyi mnaoandika kwa sehemu, andikeni sehemu za kutosha na kuziweka akiba kabla hamjatuma ya kwanza, na saa ya kutuma iwe baada ya Isha, watoto wakiwa wamelala. Msomaji huzoea saa unayompa. Akizoeshwa saa tatu usiku, atasubiri saa tatu. Na mlio Wakristo, Jumapili asubuhi msimwahidi mtu sehemu yoyote.

Baadhi yenu mnaona ibada inakata mawazo. Mimi nimeiona ikiyapanga. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto wadogo na marundo ya madaftari ya kusahihisha, na riwaya yangu niliiandika kati ya swala ya Alfajiri na watoto kuamka. Saa hiyo niliiomba kwa mume wangu, Mungu amrehemu. Alikubali kwa sharti: baada ya Isha nisiguse karatasi, nikae naye barazani. Tukapatana. Yeye ndiye aliyewasha jiko la mkaa na kuinjika chai. Watoto walijua mlango ukirudishwa mama yuko kazini, ukifunguliwa kila mmoja alete shida yake. Kuna asubuhi sentensi ilikuwa inakuja vizuri kabisa na muda ukawa umekwisha. Niliiacha nusu, nikafungua mlango. Nanyi iacheni nusu. Kesho yake hamtahangaika pa kuanzia.

Wengine mmenieleza kwamba mwandishi wa kweli sharti awe peke yake, kwamba watu wa nyumbani wanapunguza sanaa. Nani kawaambia? Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake wa kumuusia binti yake mwaka 1858 akiwa ameshikwa na maradhi yaliyotimiza mwaka. Mwanzoni tu anamwita bintiye asogee, akae karibu, na wino na karatasi, kwa kuwa ana jambo moyoni la kumwambia. Mtoto hakutolewa nje ili mama apate kutunga. Si kila alilousia juu ya mke na mume ningewausia mabinti wa leo vilevile, lakini mtazameni alivyokaa na kazi yake: dua, mapenzi ya mama na utaalamu wa vina viko pamoja, na hakuna kimoja kilichokisukuma kingine. Hapa kwetu Tanga tunaye Shaaban Robert, aliyeanza ukarani wa serikali katika idara ya forodha mwaka 1926 na kubaki mtumishi kwa miaka mingi. Alitunga utenzi kwa ajili ya binti yake na mwingine kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Ugogo, alifanya kazi mahakamani na akaiweka Enjili katika utenzi; Sheikh Amri Abedi alikuwa mhubiri, meya wa Dar es Salaam, kisha waziri, huku anafundisha watu sheria za mashairi. Wawili hao walikuwa pamoja katika chama cha ushairi cha UKUTA, msikiti na kanisa havikuwazuia. Hakuna kati ya hao aliyesubiri maisha yatulie ndipo atunge.

Sasa wanaume, nasema nanyi. Mke wako akiandika, saa yake ni saa kama yako. Mara nyingi naambiwa, "Mama, mimi namruhusu," kumbe maana yake ni kwamba aandike vyombo vikiwa vimeoshwa, watoto wamelala, nguo zimepigwa pasi, na yeye mwenyewe macho hayafunguki. Hiyo si ruhusa. Mruhusu saa moja iliyo hai, na katika saa hiyo uinjike maharage wewe, umwogeshe mtoto wewe, na usimtume mtoto kwenda kumuuliza mama sukari iko wapi. Itafute. Na ninyi mabinti, msione haya kuiomba. Msiifiche kalamu kama mwenye dhambi.

Kuhusu dini na mnayoyaandika, naulizwa sana habari za chombezo, zile hadithi za mapenzi ya chumbani, kwa sababu ndizo zinazolipa upesi. Sitawaambia kwamba dhambi isiandikwe. Qurani imesimulia mke wa mkubwa wa Misri alivyomtaka Yusuf na kufunga milango. Biblia imesimulia Daudi alivyomwona Bathsheba akioga, na yote yaliyofuata hadi mumewe kuuawa. Visa hivyo havikuficha tamaa, na havikuiacha bila malipo yake wala bila mtu aliyeumia. Jaribuni kazi zenu hapo. Ikiwa katika kisa chako hakuna anayeumia na kila mtu ni mwili tu, hujaandika maisha, umeuza kitu kingine, na jina la bandia halitakusaidia unapotandika mswala. Nasema kwa mapenzi. Wapo kati yenu wenye vipaji vikubwa wanaovimaliza huko kwa elfu mbili mbili, nami inaniuma.

Mambo ya ndani ya nyumba pia yana haki yake. Ugomvi wa wakwe, maradhi ya dada, siri aliyokwambia mumeo usiku: usiyaingize kwenye simulizi bila kumwomba mwenyewe. Kubadili jina hakutoshi, mtaani watu watamjua kwa kicheko chake. Na fedha ikipatikana, hata ikiwa ndogo, nyumba iionje. Nunua samaki, waambie watoto huyu kaletwa na ile hadithi. Siku nyingine ukirudisha mlango watakuwa na sababu ya kunyamaza.

Kwa kuanzia, leo usiku kaeni na wenzenu, au na wazazi kwa mlio bado kwao, mwaombe saa yenu. Itajeni na muiandike kwenye karatasi ya kubandika ukutani: kutoka saa ngapi hadi saa ngapi, siku zipi. Waulizeni wao wanataka nini badala yake, na wanachotaka kiandikeni kwenye karatasi hiyohiyo. Mkikataliwa, msigombane, njooni na huyo aliyekataa tuzungumze wote. Miswada naendelea kusoma kama kawaida. Nipo nyumbani baada ya Laasiri, isipokuwa Ijumaa, ambayo ni ya wajukuu.

Mama yenu,
Mwalimu mstaafu, Tanga